Anayepanga viatu msikitini: jibu kwa kijana wa Mikindani anayetaka kutengeneza muvi ya dada yake

Swali

Shikamoo sista. Mimi ni kijana wa Mikindani, Mmakonde. Mimi na wenzangu tunashuti vichekesho kwa simu na kuviweka mtandaoni. Sasa tunataka kutengeneza muvi ya kama nusu saa kuhusu dada yangu. Dada alianza kuumwa alipomaliza kidato cha nne, kliniki walisema ni ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, anachoma sindano na tunaishi naye kwa bibi. Ana vituko vyake. Kila Ijumaa watu wakiwa ndani ya msikiti wanaswali, yeye anapanga viatu vyao nje kwa ukubwa, kuanzia vya watoto mpaka vile vikubwa kabisa. Wakitoka ni vurugu. Wazo la muvi nililipata kwenye Benny & Joon. Niliiona kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa, na mtafsiri kila yule binti mgonjwa wa kwenye filamu akitokea anasema "chizi huyo kaja". Tulijaribu sini moja uani kwetu: mwenzetu wa kiume alivaa gauni la dada, akajipaka majivu, akatafuna maganda ya machungwa, akawa anacheka peke yake. Watu walivunjika mbavu. Dada aliangalia kidogo, akaingia chumbani, hakutoka mpaka kesho yake. Bibi sasa hanisemeshi. Je, niachane na hii muvi? Na kama nikiendelea, iishe vipi? Wengine wanataka apone kwa mganga, wengine wanataka aolewe ndiyo apone.

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Usiachane nayo. Ila ile sini ya majivu na maganda ifuteni leo kwenye simu zote, yako na za wenzako, kabla mtu hajaiokota akaisambaza kwenye magrupu. Halafu kamwombe dada radhi, wewe pamoja na huyo aliyevaa gauni lake, na msiende na kamera. Hayo yakishapita ndiyo tuzungumze muvi.

Mimi kazi yangu ni uuguzi wa afya ya akili hapa Lindi, si filamu. Lakini vikundi vya sanaa huniletea skripti zao niwaambie kama mgonjwa waliyemwandika anafanana na wagonjwa ninaowaona, na mara nyingi hafanani.

Kichini-chini unachouliza ni kama inafaa kuchekesha watu kwa habari za mtu anayeumwa akili. Sisi watu wa kusini hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta jibu. Umeshakaa kwenye misiba yenye watani. Mtani anafika watu wakiwa wanalia, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea na alivyokuwa akikopa bila kulipa, anaziba njia ya kwenda makaburini mpaka apewe chochote, na mfiwa anajikuta anacheka machozi hayajakauka. Hakuna anayemvaa. Lakini mfuatilie mtani huyohuyo tangu alfajiri: ndiye aliyeshika jembe kaburini, ndiye aliyehangaika na maji, na jioni ndiye atakayesugua masufuria. Angepita mtu baki akafanya nusu ya alichofanya yeye, angeondoka na jino mkononi.

Basi kila sini unayoandika iulize: anayecheka hapa amebeba nini? Bibi yako, nina hakika, ana maneno ya kumtania dada ambayo ukiyasikia unaanguka chini. Anayo haki nayo, kwa sababu dada akikosa usingizi ni bibi anayekesha naye. Rafiki yako wa gauni hajabeba kitu. Sidhani hata jina la dawa ya dada analijua. Alichochekesha nacho ni yule kichaa wa sokoni ambaye kila mtu alikuwa naye kichwani tangu zamani. Umenieleza habari za dada yako na humo sikuona majivu wala maganda. Kwa hiyo msidhani dada aliingia chumbani kwa kutoelewa mchezo. Aliuelewa kuliko nyote mliokuwa uani.

Tuje kwenye Benny & Joon, maana uliiona kwa mdomo wa mtafsiri na nadhani nusu yake ilikupita. Ni filamu ya mwaka 1993, imeongozwa na Jeremiah Chechik, na hadithi yake iko Spokane, mji wa jimbo la Washington huko Marekani. Benny, anayeigizwa na Aidan Quinn, ni fundi magari. Wazazi walikufa kwa ajali ya gari, na yeye ndiye aliyebaki na mdogo wake wa kike, Joon, anayeigizwa na Mary Stuart Masterson. Joon anachora, ana akili nyingi, anaumwa, na wasaidizi wa nyumbani hawakai. Halafu anaingia Sam, yaani Johnny Depp, kijana wa ajabu ambaye hata kuandika barua kunamshinda. Joon anampata kwenye karata: anashindwa mchezo, na dau lilikuwa kwamba akishindwa watamchukua huyo Sam, binamu wa mmoja wa wachezaji, wakae naye.

Angalia kicheko kimewekwa wapi. Sam anachoma mkate wa jibini kwa pasi ya nguo. Anaponda viazi kwa raketi ya tenisi. Joon naye kuna siku anaingia barabarani amevaa miwani ya kupigia mbizi, ameshika kibao cha mpira wa meza, anaongoza magari. Ukiwaweka mizani vituko vyao vinalingana, ila mmoja anaitwa mcheshi na mwenzake ana faili hospitali. Filamu hailisemi hilo, inaliacha mbele yako ulione mwenyewe. Na ukiniuliza mimi, anayechekwa kuliko wote ni Benny: mtu mzima, gereji yake mwenyewe, na hawezi kukaa mezani na mwanamke bila kuwaza nani yuko na Joon nyumbani. Anachekwa na mtu anayempenda. Huo ndio utani ninaousema.

Sini inayonikaa mimi ni ya basi. Joon na Sam wameamua kutoroka. Wamepanda basi, wana furaha, na wewe una furaha nao, maana tangu mwanzo umefundishwa kuwapenda. Basi linaondoka. Joon anaanza kujibizana na sauti ambazo Sam hazisikii, anazidi kuhangaika, Sam anajaribu kumtuliza na mbinu zake zote za kuchekesha zimekwisha. Basi linasimama, gari la wagonjwa linakuja. Ukumbi mzima unanyamaza bila kuambiwa. Kama watu wasingecheka ile saa nzima ya kwanza, hapo pasingeuma.

Kasoro zipo. Ugonjwa wa Joon hautajwi jina, na hilo silichukii, maana hata kliniki huwa tunachukua muda kabla ya kulitamka. Linalonikera ni mapenzi kupewa kazi ya daktari. Sam anaingia, nyumba inang'aa, moyo unafunguka. Nawashukuru hawakufika mpaka kusema amepona: mwishoni Joon anakwenda kujaribu kuishi kwenye nyumba yake ya kupanga, daktari akijua, kaka yake akiwa mji huohuo. Bado mtu anatoka kwenye kibanda na wazo kwamba dawa ya skizofrenia ni kijana mwenye kofia nzuri.

Sasa njoo msikitini kwenu. Viatu umevitaja kwa kupita, kumbe muvi yako ndiyo hiyo. Simamisha simu ikitazama mlango, isitikisike. Swala ya Ijumaa imekwisha, wanaume wanamiminika nje pekupeku, na kandambili zimejipanga mstari kuanzia kisigino cha mtoto wa madrasa. Kila mmoja sasa lazima ajue saizi ya mguu wake mwenyewe, jambo ambalo watu wazima wengi hawajalifikiria tangu waoe. Humo ndani muweke mzee mmoja wa sauti nzito, anayetoa uamuzi kwenye kila kikao cha mtaa. Makubazi yake yako kwa watoto. Anajifanya anaongea na simu mpaka watu waishe, halafu anamtuma mjukuu. Ijumaa inayofuata anakuja na viatu vinavyompwaya, anaviburuta njia nzima, ili mradi apangwe na wanaume wenzake. Kicheko chote kimemwangukia mzee na majivuno yake. Dada yuko kazini tu. Anayemwigiza asitabasamu kwa kamera, asitumbue macho, asitingishe kichwa. Ashike kiatu, akilinganishe na kingine soli kwa soli, akiweke pake, achukue kinachofuata, kama fundi yeyote aliyezama kwenye kazi yake. Tena unajua viatu vinavyoibwa misikitini. Hapo kwenu nani ataiba mbele ya mtu anayeijua kila jozi? Mpe na hilo kwenye muvi, kwamba tangu aanze, wizi umekoma na hakuna aliyewahi kumshukuru.

Sini za namna hiyo hazihitaji maneno mengi, na hiyo ni kinga yako. Sam wa kwenye filamu anaishi kwa kuwaiga Buster Keaton na Charlie Chaplin, watu wa zama za sinema bubu, ambao walichekesha kwa mwili na vitu vya mezani. Muvi yako ikiwa ya macho, mtafsiri wa kibanda atakuwa na pa kuingiza lile "chizi" lake padogo sana.

Halafu kivunje hicho kicheko. Msimu wa korosho unafika, Oktoba hivi. Bibi amehamia shamba, wewe uko ghalani unasubiri mizani, hakuna anayeangalia tarehe kwenye kadi ya kliniki. Sindano inapita. Hapa sikiliza kwa makini, maana ndipo skripti zote zinapokosea. Dawa za sindano za muda mrefu, kama hiyo fluphenazine tunayochoma kila baada ya wiki mbili hadi nne, hazitoki mwilini siku moja. Wiki ya kwanza baada ya tarehe kupita mgonjwa yuko sawa. Ya pili yuko sawa, pengine ana uchangamfu zaidi kwa sababu ule uzito wa dawa umepungua. Nyumbani wanasema, "Mbona mzima? Hizo sindano zilikuwa za nini?" Inaweza kupita miezi. Halafu usingizi unakatika. Karibu mara zote usingizi ndio unaotangulia, na familia inayoliona hilo mapema inaokoa mengi.

Kwenye muvi usionyeshe kelele. Onyesha viatu. Usiku dada ameanza kupanga viatu vya nyumbani, vyote vinatazama mlangoni. Kesho yake vya majirani viko kwenye ndoo ya maji. Ijumaa anavirusha barabarani kimoja kimoja kwa sababu sauti zimemwambia wenye viatu hivyo wanakuja kumchukua. Ni mikono ileile na viatu vilevile vilivyowachekesha watu robo saa iliyopita. Watazamaji watanyamaza wenyewe, nawe hutahitaji muziki wa huzuni. Tafadhali usiuweke.

Kuhusu ugonjwa wenyewe nitakueleza yale yanayomhusu mtu wa kamera. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya 300 duniani ana skizofrenia, watu wapatao milioni 24. Huanza zaidi mwishoni mwa ujana na kwenye miaka ya ishirini, kama ilivyokuwa kwa dada. Haina uhusiano na "watu wawili ndani ya mtu mmoja", hilo liondoeni kabisa. Sauti anazosikia mgonjwa si lazima ziwe za mzimu zenye mwangwi. Wengi huniambia ni sauti ya kawaida kabisa, inatoka nyuma ya dirisha au chumba cha pili, na mara nyingine inasimulia tu anachofanya: anainuka, anachukua kikombe, anakunywa. Hebu fikiria kuosha vyombo huku jirani anakutangaza. Kwa hiyo muigizaji asikamate kichwa na kupiga mayowe. Akatishe sentensi katikati, asikilize kidogo, ajibu kwa sauti ya chini, arudi kwenye maongezi amepoteza uzi. Au aongeze sauti ya redio. Wapo wagonjwa wetu wanaotumia redio kuzizima sauti, na nyumbani wanagombezwa kwa kumaliza betri.

Kuna upande mwingine ambao hauchekeshi na wala hautishi, kwa hiyo muvi huuruka: kukaa. Mgonjwa anakaa tangu asubuhi mpaka jioni, haogi asipoambiwa, uso hauonyeshi kitu, ukimweleza habari njema anasema "sawa". Ugomvi mwingi majumbani hautokani na sauti, unatokana na hili, kwa sababu linaonekana uvivu. Bibi anagomba, "Mtoto wa kike jua limekuchomozea kitandani!" Dada hana jibu. Weka hata nusu dakika ya hilo.

Na ule mwendo ambao waigizaji wenu wanaupenda, hatua fupi za kuburuza, mikono inatetemeka, mdomo uko wazi mate yanachungulia? Mara nyingi ule si ugonjwa. Ni madhara ya dawa, hasa za zamani kama haloperidol. Waigizaji wanamwiga mtu anayetibiwa halafu wanamwita kichaa. Dawa hizo zinaweza pia kumkaza mtu shingo ikapinda na macho yakapanda juu, na nyumbani wakasema jini limepanda, wakaanza kutafuta ubani. Huyo anatakiwa arudi hospitali haraka, kuna dawa ya kulegeza na inafanya kazi upesi. Kama utaandika sini ya namna hiyo, nusu ya nyumba inatafuta chetezo na nusu inatafuta bodaboda, utakuwa umepata kichekesho na umefundisha watu kitu bila kuwahutubia.

Msimpeleke dada Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili, kwenye muvi. Najua "apelekwe Mirembe" ni mzaha wa nchi nzima, lakini Mirembe iko Dodoma, ipo tangu 1927, na kutoka kwenu mpaka huko kwa barabara ya Dar es Salaam ni karibu kilomita 1,000. Wagonjwa wetu wengi hawajawahi kuiona. Wanatibiwa hukuhuku, Ligula pale Mtwara, Sokoine hapa Lindi, wengine hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao. Sini ya kweli ni benchi la kliniki: mtu ameshika kadi iliyokunjwa mara nne, amekaa na mama mwenye mtoto wa kifafa, wanaulizana bei ya pweza. Na lokesheni nyingine ninayokuomba uikwepe ni yale magofu ya Mikindani. Kila mwenye kamera akitaka kumwonyesha mgonjwa wa akili anamkalisha kwenye gofu. Dada yako anaishi kwa bibi, kuna jiko, kuna kuku.

Huko Spokane Benny hana mtu. Msaidizi akiondoka, amebaki yeye na dada yake. Kwenu ni kinyume chake, watu wamejaa na kila mmoja ana la kusema. Na wewe ni Mmakonde, unajua neno la mwisho juu ya watoto wa dada analo mjomba. Mjomba anayefika kutoka Newala na mkungu wa ndizi, hajamwona mgonjwa tangu mwaka jana, na kabla hajanywa maji ameshatoa uamuzi, huyo ni mhusika ambaye hakuna Mmarekani atakayekuandikia. Usimfanye mbaya. Analipa nauli, analipa dawa zikikosekana dirishani, anagomba kwa sababu anaogopa. Na kumbuka kwamba na wewe ndiye mjomba wa watoto ambao dada anaweza kuja kuwazaa. Kwenye muvi kaka asiwe mpiga picha aliyesimama pembeni. Mvike naye kandambili, zipangwe na dada kama za wengine.

Mganga. Msimkejeli, wala msimpe ushindi. Familia nyingi zinazofika kwangu zimeshapita kwa mganga au kwenye maombi, na wengine wanaendelea na huko na huku. Siwagombezi, maana nikiwagombeza watanificha, na mimi nataka kujua mgonjwa amekunywa nini. Unaweza kuandika sini ya mjomba akipatana bei ya kuku mweusi, watu wacheke hadi wachoke. Ila kamba, minyororo, moshi na kushinda njaa visichekeshe kamwe, maana yapo majumbani mpaka leo. Mwisho wa kupona kwa mganga nakukataza kwa sababu moja ya vitendo. Muvi yako itafika Tandahimba kwenye simu ya mama ambaye mwanawe anaendelea vizuri kwa dawa, na wiki hiyohiyo ataziacha.

Ndoa nayo haitibu. Wapo wagonjwa wetu walioolewa na waliooa, wana watoto na mashamba, na bado wanakuja kuchukua dawa. Dada akitaka kuolewa ni haki yake, na hapo kliniki waambiwe mapema kwa ajili ya mambo ya mimba na dawa. Lakini kumwoza ili apone ni kumtupia mwanaume wa watu kazi asiyoijua, na mara nyingi anayeumia ni msichana.

Umeniuliza iishe vipi. Mimi ningeiishia wiki kadhaa baada ya kutoka wodini. Dada yuko nyumbani, dawa zimemlegeza, anasinzia barazani. Yule mzee wa makubazi anabisha hodi. Amekuja kulalamika: tangu huyu binti alazwe viatu vyake havionekani, hii ni hasara, nani atamlipa. Bibi anamtazama miguuni. Amevivaa. Anakaribishwa chai, anakunywa, haulizi hali ya mgonjwa hata kidogo, na saa nzima hajaondoka. Kama una wazo zuri zaidi lifuate, lakini lile la waumini kujipangia viatu wenyewe siku ya Ijumaa kwa heshima ya dada, ambalo najua mwenzako mmoja atalileta, ni tamu kupita kiasi. Likatae.

Yote hayo yanasimama juu ya jambo moja: dada amekubali? Muulize siku akiwa ametulia, mkiwa wawili, na umwambie kila kitu. Nani ataiona. Kwamba ikishaingia mtandaoni hairudi, hata akijuta, hata akipata mchumba ambaye hajui. Usichukue jibu siku hiyo. Rudi baada ya siku chache umuulize tena, na akisema ndiyo, mwambie anaweza kubadilisha neno mpaka siku ya kuiachia. Kukubali kwa bibi au kwa mjomba hakuchukui nafasi ya kukubali kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya ya mtu kwenye taarifa nyeti, kwa hiyo hata nje ya adabu ya nyumbani una jambo la kujibu. Mengine ya kibali, kwa kuwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ipo na Bodi ya Filamu ipo, anzia kwa afisa utamaduni wa manispaa, atakuelekeza.

Akitaka aigize mwenyewe, sina pingamizi, mradi daktari wake ajue. Mshuti mchana tu. Kumkesha usiku mzima kwa ajili ya taa zenu ni kuutafuta ugonjwa kwa mikono. Sini ya kuugua asiigize yeye. Na kwenye lokesheni pasiwe na bangi wala uraka, ile pombe ya mabibo, hata wa wapiga picha; ninajua msimu ule mabibo yanavyofanya kazi.

Na akikataa, amekataa. Usimzungukie kwa kubadilisha jina lake na kuacha viatu, kwa sababu Mikindani nzima itamjua kwa viatu. Itabidi uandike habari za kaka: kijana anayekosa mnada kwa sababu ya tarehe ya kliniki, anayeficha kwa wenzake sababu ya kutotoka usiku, anayemgombeza mgonjwa na kisha kumnunulia soda. Mgonjwa awe mtu wa kubuni kabisa, mwanaume, wa mtaa mwingine. Aibu na uchovu humo vitakuwa vyako, na kuvichekea hutahitaji ruhusa ya mtu, isipokuwa ya bibi, maana najua lazima utamweka.